Jinsi ya kuchangia maji safi kijijini: kuanzia mchango wa kwanza hadi kisima kifike mwaka wa tano kikiwa kinatoa maji

Kila kiangazi kinapokaza, maswali yanarudi yale yale. Wazawa wa kijiji fulani wanaoishi Dar es Salaam, Muscat au London wamechangishana, wanataka kuchimba kisima nyumbani, na wanauliza waanzie wapi. Msikiti unataka kutoa sadaka ya jariya kwa niaba ya marehemu. Usharika umepata mfadhili anayetaka picha za uzinduzi kabla ya Pasaka. Mwingine ana shilingi elfu hamsini tu na anataka ifike kwa mwenye kiu. Mwongozo huu ni wenu wote.

Nianze na jambo ambalo wachangishaji wengi hawaambiwi: kutoboa ardhi ndiyo sehemu rahisi. Mwaka 2009 mtandao wa kimataifa wa maji vijijini, RWSN, ulikadiria kwamba katika Afrika kusini mwa Sahara karibu pampu moja ya mkono kati ya tatu haikuwa inafanya kazi. Nyingi kati ya hizo zilizinduliwa kwa ngoma na hotuba. Kwa hiyo hatua zilizo hapa chini zinalenga mambo mawili: maji yawe salama kunywa, na yaendelee kutoka hata wachangiaji wakishasahau.

Taratibu za kiserikali nilizozitaja ni za Tanzania Bara. Ukiwa Zanzibar utaanzia Mamlaka ya Maji, ZAWA. Ukiwa Kenya, utaanzia serikali ya kaunti na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Mengine yote ni yale yale.

Uwe na haya mkononi kabla ya kuchangisha hata shilingi moja

- Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji unaoonyesha kwamba wanakijiji wenyewe wameomba maji, ukiwa na mahudhurio yaliyosainiwa. Simu ya mwenyekiti peke yake haitoshi.
- Idadi ya watu wa kitongoji, pamoja na wanafunzi wa shule na wagonjwa wa zahanati kama watachota hapo.
- Orodha ya vyanzo vyote vya maji vilivyopo, vizima na vilivyokufa.
- Mtu mmoja anayeishi kijijini, mwaminifu, asiye na undugu wala biashara na mkandarasi. Bora awe mama anayechota maji kila siku, kwa sababu yeye ndiye atakayeona kasoro wa kwanza.
- Akaunti ya benki ya kikundi yenye watia saini watatu. Michango ikikaa kwenye simu ya mhazini, hata mhazini akiwa mtakatifu, kikundi kitavunjika kwa maneno.
- Subira ya miezi kadhaa. Ukiahidi wachangiaji kwamba maji yatatoka mwezi ujao, utalazimika kuruka hatua ya 5 na ya 7, na hizo ndizo hazirukwi.

Hatua ya 1: Anza na visima vilivyokufa

Zunguka na fundi wa pampu kwenye kila kisima kisichotoa maji, umuulize kilikufa lini na kwa nini. Mara nyingi utakuta ni mipira ya pistoni iliyoisha, bomba lililotoboka, au pampu ya sola iliyoungua na hakuna aliyekuwa na pesa ya kuitengeneza. Kukifufua kisima cha namna hiyo huchukua sehemu ndogo tu ya gharama ya kuchimba kipya. Pia utajifunza jambo ambalo ripoti ya mkandarasi haitakuambia: kama kijiji kilishindwa kununua mpira, kitashindwa tena, mpaka utaratibu wa pesa ubadilike (tazama hatua ya 9).

Najua kufufua hakuna mvuto wa kibao kipya chenye jina la mfadhili. Fufua hivyo hivyo.

Hatua ya 2: Chagua chanzo kinachofaa mahali penu

Watu husema "kisima" kana kwamba hakuna njia nyingine. Milimani, kama Usambara au Uluguru, chemchemi iliyojengewa vizuri na kushushwa kwa bomba la mserereko haihitaji pampu wala umeme. Kama kijiji jirani kina mradi wa bomba wenye maji ya ziada, kuvuta bomba kunaweza kuwa nafuu kuliko kutoboa. Kwenye shule yenye paa kubwa la bati, fanya hesabu ya mvua: kila mita moja ya mraba ya paa hupata lita moja kwa kila milimita ya mvua. Paa la mita 100 za mraba, mahali penye mvua ya milimita 700 kwa mwaka, ukitoa kinachopotea, huvuna kama lita 56,000. Kwa watoto wa shule ni maji mengi ya kunywa, na katika maeneo ambayo maji ya ardhini yana floraidi nyingi (tazama hatua ya 7) ndiyo njia ninayoipendekeza kwanza.

Kisima kirefu kinabaki kuwa jibu sahihi kwa sehemu kubwa ya maeneo makavu kama Dodoma, Singida na Shinyanga. Ila kiwe uamuzi uliofikiwa baada ya kulinganisha.

Hatua ya 3: Nenda RUWASA kabla ya kwenda kwa mkandarasi

RUWASA, wakala wa serikali wa maji na usafi wa mazingira vijijini, ilianzishwa chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019, na ndiyo inayosimamia maji vijijini. Muone meneja wa wilaya ukiwa na muhtasari wa kijiji. Muulize mambo matatu: je, kuna mradi wa serikali unaokuja hapo? Visima vya jirani vimepata maji kwenye kina gani, na ubora wake ukoje? Jumuiya ya watumia maji ya eneo hilo, ile wengi wanayoiita CBWSO, itakipokea kisima kikikamilika?

Kibali cha kuchimba na cha kutumia maji kinatoka bodi ya maji ya bonde lenu. Mabonde yako tisa, na meneja atakuelekeza.

Tahadhari: kisima kilichochimbwa kimyakimya hakimo kwenye hesabu za mtu yeyote. Kikiharibika, kila ofisi itakuambia si chake.

Hatua ya 4: Malizeni suala la ardhi kwa maandishi

Mwenye kiwanja akitoa eneo kwa mdomo, watoto wake watalidai akishafariki, au yeye mwenyewe atafunga geti siku ya ugomvi. Andikeni hati ya kutoa ardhi, isainiwe na mwenye eneo, mwenzi wake, mashahidi na serikali ya kijiji, ikitaja pia njia ya kufikia kisima. Eneo liwe angalau mita 30 kutoka choo chochote, na zaidi ya hapo penye mchanga au mwamba wenye nyufa. Angalia na zizi la ng'ombe.

Hatua ya 5: Pima ardhi, halafu andika mkataba

Kupima maji ardhini ni kazi ya mtaalamu mwenye vifaa vya kupima ukinzani wa umeme kwenye miamba. Anayeshika kijiti cha mti na kutembea nacho asikulie pesa. Usimtumie mpimaji aliyeletwa na mchimbaji kama unaweza kumpata wa kujitegemea, kwa sababu mchimbaji analipwa kwa mita, na kila mita ya kina ni mapato yake.

Chukua profoma kwa wachimbaji wasiopungua watatu wenye leseni ya Wizara ya Maji. Bei ya chini kabisa mara nyingi imeacha kitu, kwa hiyo soma kila mstari: kipenyo cha shimo, aina ya kesingi (bomba linalozuia shimo lisibomoke), skrini (kipande cha bomba chenye matundu ya kupitisha maji), changarawe ya kuzunguka bomba, usafishaji wa kisima, jaribio la kusukuma maji, kipimo cha maabara. Mkataba useme pia:

- Nani analipa likitoka shimo kavu. Hili ndilo linalovunja vikundi vingi. Wengine hukubaliana kulipa nusu, wengine shimo la pili kwa bei pungufu. Lolote mtakalokubaliana, liandikwe.
- Malipo ni kwa awamu, kila awamu ikifuata kazi iliyoonekana.
- Sehemu ya kumi ya fedha inabaki kwenu hadi kisima kipite kiangazi kimoja.

Hatua ya 6: Uwe na mtu kwenye eneo siku ya kuchimba

Mwakilishi wenu ahesabu fimbo za kuchimbia zinazoingia. Kila fimbo ina urefu unaojulikana, na hiyo ndiyo namna rahisi ya kujua kama mita 90 zilizoandikwa ni mita 90 kweli. Aone kesingi na skrini zikishuka, changarawe ikimwagwa, na sehemu ya juu ikizibwa kwa saruji ili maji machafu ya juu yasipenye pembeni ya bomba.

Kisha lije jaribio la kusukuma maji, kwa kawaida saa 24 kwa kisima cha pampu ya mashine, huku kina cha maji kikiandikwa. Jaribio hili ndilo litakalokuambia pampu ya ukubwa gani inafaa. Ripoti yote ya uchimbaji iwe na nakala kijijini, RUWASA na kwenye kikundi chenu. Fundi atakayekuja baada ya miaka saba ataihitaji.

Kwa kisima kifupi cha kuchimbwa kwa mikono, chimbeni mwishoni mwa kiangazi, maji yakiwa chini kabisa. Kisima kinachopendeza mwezi Aprili kinaweza kuwa tope mwezi Oktoba.

Hatua ya 7: Peleka maji maabara kabla mtu yeyote hajanywa

Tafadhali soma sehemu hii mara mbili.

Katika Bangladesh, kuanzia miaka ya 1970, mamilioni ya visima vya bomba vilichimbwa kwa msaada wa UNICEF na wengine ili watu waache kunywa maji ya madimbwi yenye vijidudu. Nia ilikuwa njema na vijidudu vilipungua. Lakini hakuna aliyepima aseniki. Iligunduliwa mwaka 1993, baada ya watu kunywa sumu hiyo kwa miaka mingi maji yakiwa angavu machoni na yasiyo na ladha mbaya. Shirika la Afya Duniani limeyaita maafa hayo tukio kubwa kuliko yote la watu kudhurika kwa sumu katika historia.

Kwetu adui anayefanana naye ni floraidi. Ukanda wa Bonde la Ufa na maeneo ya volkano, Arusha, Kilimanjaro, Manyara na hata Singida na Shinyanga, una visima vyenye floraidi nyingi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi sana kwa miaka, meno ya watoto huwa ya kahawia na mifupa hukakamaa na kupinda. Kuchemsha hakuiondoi, kunaikoleza, kwa sababu maji yanapungua na yenyewe inabaki. Klorini haiigusi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimeonyesha namna ya kuipunguza kwa mkaa wa mifupa, na njia hiyo inafanya kazi, ila mkaa lazima ubadilishwe kwa wakati. Kijiji kisichoweza kubadilisha mpira wa pampu hakitabadilisha mkaa. Penye floraidi nyingi, tafuteni chanzo kingine cha maji ya kunywa.

Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji mikoani. Omba vipimo hivi kwa uchache: vijidudu vya kinyesi, ambavyo havitakiwi kuonekana hata kimoja katika mililita 100, floraidi, naitreti, chumvi, chuma na manganizi, na aseniki, hasa karibu na machimbo ya dhahabu. Chupa ya kipimo cha vijidudu itoke maabara, ikae kwenye barafu, ifike ndani ya saa 24. Chupa ya soda iliyosuuzwa haifai.

Kosa la kawaida: kuridhika kwa kuonja. Mzee akinywa na kusema "matamu", hilo ni jibu la ladha tu.

Hatua ya 8: Chagua pampu ambayo fundi wa karibu anaijua

Nenda duka la vifaa la mji wa wilaya, uliza spea zipi zinapatikana. Pampu isiyo na spea ndani ya safari ya siku moja usiinunue, hata ukipewa bure. Afridev, pampu ya mkono iliyobuniwa miaka ya 1980 kwa majaribio ya Kenya na Malawi, ilitengenezwa makusudi ifunguliwe na watu wa kijijini kwa spana moja, na inafaa hadi kina cha mita 45 hivi.

Kuna historia inayofundisha hapa. Mwaka 2006 PlayPump, bembea ya kuzunguka inayosukuma maji watoto wakicheza, ilitangazwa Marekani kwa ahadi ya mamilioni ya dola. Wafadhili waliipenda sana. Vijijini Msumbiji na kwingineko, watoto walipochoka, akina mama watu wazima walibaki wakiisukuma bembea kwa mikono, na ilipoharibika fundi alikuwa mbali. Kufikia mwaka 2010 mpango ule ulikuwa umeachwa. Chochote kinachokupendeza kwenye video, waulize kwanza wanaochota.

Kwa pampu ya sola, fanya hesabu hii. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lita 25 kwa mtu kwa siku, watu 250 kwa kituo kimoja, umbali usiozidi mita 400. Hiyo ni lita 6,250 kwa siku. Kisima kinachotoa lita 1,000 kwa saa kwa saa saba za jua kinatosha, kwa kubana. Wekeni tenki, kwa sababu jua likifunikwa siku mbili watu hawataacha kunywa.

Hatua ya 9: Pangeni bei ya ndoo na mfuko wa matengenezo kabla ya uzinduzi

Hapa ndipo ubishi unapoanza, na naelewa uchungu wake: "Tumetoa sadaka, mbona maskini wanatozwa?" Maji yenyewe hayauzwi. Kinacholipiwa ni mpira, betri, mlinzi na fundi. Pasipo pesa hiyo, maskini atarudi dimbwini kabla ya mwaka wa tatu.

Chukua kituo kinachouza ndoo 200 za lita 20 kwa siku, kila ndoo shilingi 30. Ni shilingi 6,000 kwa siku, yaani 180,000 kwa mwezi. Mlipe anayefungua kituo, na kiasi kinachobaki kiende benki. Mkutano mkuu ndio upange bei, na utaje kwa majina nani atachota bure: wazee wasio na watu, walemavu, wajane wasiojiweza. Mhazini asome mapato na matumizi mbele ya watu kila baada ya miezi mitatu. Kwenye kamati, wanawake wasiwekwe kupika chai ya kikao. Wapeni uhazini na sahihi ya benki.

Wanaotaka sadaka yao iwe bure kabisa wana njia nzuri ya zamani, nayo ni wakfu. Uthman bin Affan alikinunua kisima cha Ruma mjini Madina ili watu wanywe bila kulipa. Ninyi pamoja na kisima wekeni wakfu kitu kinachozalisha, kama mashine ya kusaga au mlango wa duka, ambacho mapato yake yatatengeneza pampu. Gharama ya awali inapanda, lakini nia yenu inatimia.

Hatua ya 10: Yafuate maji hadi kikombeni

Utafiti uliofanyika Busia, magharibi mwa Kenya, ambao Michael Kremer alikuwa mmoja wa watafiti wake, uligundua kwamba kujengea chemchemi kulipunguza uchafu wa kinyesi kwenye chanzo kwa asilimia 66, lakini nyumbani maji yaliboreka kwa kiasi kidogo zaidi, kwa sababu yalichafuliwa tena njiani na kwenye mtungi. Kuhara kwa watoto kulipungua kwa robo. Si haba, lakini mengine yote yalipotelea kwenye ndoo.

Kwa hiyo tengeni fungu la ndoo zenye mfuniko na koki, na la klorini. Watu wasitumbukize kikombe ndani. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii akipita nyumba kwa nyumba, atafanya zaidi ya semina ya siku moja.

Kama una elfu hamsini tu

Usichimbe. Ipe kikundi kinachofufua pampu, au shirika lenye kazi inayoonekana. WaterAid, kwa mfano, ipo tangu mwaka 1981. Kabla ya kutoa kwa yeyote, uliza swali moja: kati ya vituo mlivyojenga miaka mitano iliyopita, vingapi vinatoa maji leo? Shirika makini lina jibu. Anayekutumia picha ya mtoto anayelia badala ya jibu, mwache. Hakikisha usajili pia: kwa Msajili wa NGO Tanzania, au Charity Commission kwa mashirika ya Uingereza.

Mambo yakienda kombo

*Asubuhi unapiga mkono mara nyingi kabla maji hayajatoka.* Vali ya chini inavuja, au bomba lina tundu. Badilisha mpira wa vali kwanza, ni rahisi kuliko kung'oa bomba.

*Mkono ni mwepesi na maji hayatoki kabisa.* Fimbo imekatika au imefunguka. Msiendelee kupiga.

*Maji yana mchanga.* Ama skrini imepasuka, ama pampu inavuta kuliko uwezo wa kisima. Punguza kasi ya kuvuta uone. Ikiendelea, mwiteni mchimbaji kabla hamjamlipa ile sehemu ya kumi.

*Maji yanatia nguo wekundu.* Ni chuma. Kuyarusha hewani na kuyachuja kwa mchanga husaidia. Usipuuze, kwa sababu watu watarudi mtoni kwa ajili ya rangi ya shuka na chai.

*Kisima cha pwani kimeanza kuwa na chumvi.* Mnavuta sana na bahari inaingia. Punguzeni saa za pampu mara moja, na mwambieni RUWASA. Chumvi ikishaingia, kuitoa huchukua miaka.

*Sola inatoa maji kidogo kuliko mwanzo.* Futa vumbi kwenye paneli, kata matawi yanayotia kivuli, kisha ndipo umwite fundi.

*Watu hawalipi.* Nenda ukakae kituoni asubuhi. Pengine bei ni kubwa, pengine anayefungua anachelewa, pengine wamesikia pesa imeliwa. Someni daftari hadharani. Kituo kikifungwa kwa nguvu mtapoteza hata wale waaminifu.

*Pesa imeliwa kweli.* Itisheni mkutano mkuu, badilisheni watia saini siku hiyo hiyo, na jumuiya ya watumia maji pamoja na RUWASA wapewe taarifa ya maandishi. Wachangiaji nao waambieni ukweli wiki hiyo, pamoja na kiasi kilichopotea na hatua iliyochukuliwa.

*Vijidudu vimeonekana kwenye kipimo cha mwaka.* Tieni klorini kisimani kwa kipimo cha mtaalamu, pigeni maji hadi harufu iishe, mpime tena. Wakati huo watu wachemshe. Vikirudi mara ya pili, tafuteni choo kipya kilichochimbwa karibu, au ufa kwenye saruji ya juu.